Kitu cha Kumi

Nianze kwa kuungama. Niliwahi kumwita mtoto wa dada yangu "mzito wa kichwa," mbele ya watu, huku tumbo langu limejaa ugali aliousonga mama yake. Binti mwenyewe alikuwa na miaka saba. Na kisa chenyewe, msomaji, hakikuwa kuvunja sahani wala kupoteza hela ya dukani. Kilikuwa gemu la kwenye simu. Tena si gemu la wakubwa la kurusha risasi na kukimbiza magari, ni lile la watoto wadogo: unaonyeshwa picha iliyojaa vitu, unaambiwa tafuta kumi, ukikiona unakigusa. Basi. Sijui kama kuna gemu jepesi kuliko hilo.

Ilikuwa Desemba, nimekwenda likizo nyumbani Mgololo.

Kama hupajui Mgololo usijilaumu. Wengi wa huku Dar wakisikia Iringa wanawaza baridi, wakisikia Mufindi wanawaza chai na mbao, na hapo ndipo ramani yao inapoishia. Unaiacha barabara kuu pale Mafinga, unaingia ndani, unapita misonobari mpaka unachoka kuiona, na mvua ikiwa imenyesha unapita pia tope ambalo dereva analijua kwa jina. Kabla hujakiona kiwanda unakinusa. Mti husagwa vipande vidogo, vipande hupikwa kwenye dawa zenye salfa ili nyuzi zake ziachane, na salfa ikishapikwa haina adabu, inanuka yai viza. Wenyeji hawaisikii tena. Mimi huisikia siku ya kwanza tu; siku ya pili pua inakumbuka kwao.

Kiwanda chenyewe kilianza kuzalisha karatasi mwaka 1985, kikiitwa Southern Paper Mills, kimejengwa ili kitoe tani 60,000 kwa mwaka, na msitu wa Sao Hill upande mmoja na reli ya TAZARA upande mwingine. Katika miaka ya 1990 kikasimama. Katika miaka ya 2000 kikapata mwenyewe mwingine na jina jingine, Mufindi Paper Mills, moshi ukarudi. Mimi nilizaliwa hapo katikati, kiwanda kimelala. Utoto wangu wote Mgololo ilikuwa kama mtu aliyeambiwa asubiri mlangoni, ataitwa.

Baba alikuwa kitengo cha kumalizia, mahali karatasi inapokatwa, inakaguliwa na kuhesabiwa, shiti 500 kwa rimu. Kazi yake ilikuwa kuangalia. Ukimsikia akiisimulia utadhani ni kazi ya mvivu: unachukua shiti, unaiinua kwenye mwanga, unatafuta kasoro. Kipande cha gome, uzi uliokataa kuiva, tundu dogo la sindano. Shiti nyeupe, anasema mzee, ndiyo yenye kuficha zaidi, kwa sababu kila mtu anaiamini. Kiwanda kiliporudi yeye hakurudi, umri ulishakwenda. Siku hizi analima mahindi na viazi, na mvua zikianza anagema ulanzi. Lakini hadi leo ukimpa barua, kabla hajaisoma anaiinua juu kwanza. Marehemu mama alikuwa akimtania kwamba hata barua ya uchumba aliikagua, akaikuta na doa, akaoa hivyo hivyo.

Mimi huku mjini nashinda kwenye steshenari karibu na chuo, natoa kopi, nachapa kazi za wanafunzi, usiku naandika hadithi. Wenye jarida hili wananijua, wamenirudishia mbili. Desemba ile kwenye simu nilikuwa na shilingi 380,000, akiba ya mwaka mzima wa kula chipsi kavu. Mpango ulikuwa Januari nichapishe kijitabu changu cha kwanza, nakala mia moja, jalada la rangi. Nilikuwa nimeshachagua hata rangi. Kumbuka hiyo hela, nitairudia.

Basi, mtoto wa dada aliiona simu kabla hajaniona mimi.

"Shikamoo anko. Ina gemu?"

Nikasema marahaba, gemu ipo. Haikuwepo. Nikatumia bando langu nikapakua moja ya bure, ile ambayo kila baada ya picha mbili linatokea tangazo la sabuni. Picha ya kwanza ilikuwa sebule ya Kizungu: zulia, meko, mti wa Krismasi, paka, vitabu, na katikati ya fujo hiyo vitu kumi vya kutafuta, majina yake yamepangwa chini kwa Kiingereza. Nikawa namtafsiria. Nanga. Ufunguo. Kinara cha mishumaa. Glavu za baridi. Boga lililochongwa macho. Tulipofika kwa mtu wa theluji nikakwama, nikamwambia ni sanamu la barafu.

"Barafu ya ukwaju?"

Hapo tu ningejua kwamba kichwa chake kinafanya kazi. Sikujua.

Nikwambie kidogo kuhusu hizi gemu, maana baada ya yaliyotokea nilizisoma kama mtu anayesoma ugonjwa uliomkumba ndugu yake. Ukoo wao ni wa zamani kuliko simu. Marekani kuna jarida la watoto, Highlights, lililoanza mwaka 1946, na picha za kutafuta vitu ni sehemu ya sifa yake tangu enzi hizo. Mwaka 1987 Mwingereza Martin Handford akatoa kitabu cha jamaa mmoja mwenye fulana ya mistari myekundu na myeupe, Wally, ambaye kila ukurasa amepotea kwenye umati na wewe kazi yako ni kumtafuta. Mwaka 1992 vikaja vitabu vya I Spy, Jean Marzollo anatunga maneno ya mafumbo, Walter Wick anapiga picha za vikorokoro. Kompyuta zikavichukua. Mwaka 2005 gemu la Mystery Case Files: Huntsville likawapata watu wazima kabisa, wakawa wanakesha wakitafuta mikasi kwenye chumba cha mauaji. Lakini ninalolipenda mimi ni Hidden Folks la mwaka 2017: picha zake zimechorwa kwa mkono, nyeusi na nyeupe, na sauti zake, upepo, wanyama, injini, zimetolewa kwa mdomo wa binadamu. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu kwenye daladala, watu wakasogea. Maana sisi nasi magari yetu ya waya tuliyaendesha kwa mdomo, na gia tulipanga kwa mdomo.

Ndani yake hakuna uchawi. Kila kitu kimezungushiwa mpaka usioonekana. Kidole kikidondokea ndani ya mpaka, kitu kinang'aa na jina lake linafutwa. Kikidondokea nje, kimya. Za wakubwa zina saa inayokukimbiza na adhabu ukigusa ovyo ovyo. Za watoto zimeondolewa saa, vitu vimekuzwa, pameongezwa kitufe cha msaada. Aliyelitengeneza amefikiria kila kitu ili mtoto asishindwe. Kwa hiyo mtoto akishindwa, wewe uliyekaa pembeni unajua wa kumlaumu, au unadhani unajua.

Alianza vizuri. Boga alilipata, lilikuwa kubwa. Halafu akaanza kuileta simu usoni. Taratibu, kama mtu anayenusa ua, mpaka pua ikagusa kioo, gemu likadhani pua ni kidole, likalia.

"Sogeza huko, utaharibu macho!"

Akasogeza. Akaangalia. Akaendelea kuangalia, kimya, mdomo wazi kidogo. Akairudisha puani. Nikaisogeza tena, safari hii kwa mkono wangu mwenyewe, nikaishikilia hapo mbali. "Cheza ukiwa hapa." Fikiria mtu aliyekuzibia mlango kwa mwili wake, halafu anakugombeza mbona huingii.

Dakika kumi, vitu vitatu. Akapita mtoto wa jirani, miaka mitano, kamasi puani, akainama begani kwangu akamaliza vyote vilivyobaki bila hata kukaa. Watu wakacheka. Ndipo nikasema lile neno. "Huyu wetu mzito wa kichwa, eh?"

Dada alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Alisema tu, "Hata shuleni wamesema hivyo hivyo."

Kumbe mtoto alikuwa ameambiwa arudie darasa la kwanza. Nikaletewa daftari. Ukurasa baada ya ukurasa ilikuwa hivi: mistari miwili imeandikwa, herufi zimekaa sawasawa kama askari, halafu weupe mtupu mpaka chini. Hanakili kutoka ubaoni, ndiyo ilikuwa ripoti. Anaduwaa. Anachungulia kwa mwenzake. Nilikuja kujua baadaye kwamba hiyo mistari miwili alikuwa akiipata kwa jirani yake wa dawati, mpaka jirani anapofunika kwa mkono.

Nikikumbuka sasa, dalili zilikuwa zimetapakaa nyumba nzima. Kwenye televisheni ya jirani, vikianza vile vipindi vya Ubongo Kids, ambavyo Watanzania wenzetu walianza kuvirusha mwaka 2014, yeye huenda kusimama mbele kabisa, na watu humfukuza, "Toka hapo, we si kioo." Nyimbo zote anazijua, lakini ukimuuliza yule mnyama ana rangi gani anabuni. Kwenye kombolela alikuwa halindi, maana akilinda watu wote wanamkomboa wakipita hatua chache mbele yake. Vitu kumi vimefichwa kwenye picha moja, na sisi watu wazima wanne tunaishi ndani ya picha hiyo, hakuna aliyegusa hata kimoja.

Usiku umeme haukuwepo, tukakaa jikoni kuota moto. Baba akasema, "Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai!" Mjukuu alijibu kabla mzee hajafunga mdomo. Cha pili, yeye. Cha tatu, yeye. Mtoto wa jirani, yule bingwa wa mchana, hajapata hata kimoja. Baba akafurahi, akawa anamwita "mke wangu," akasema huyu ndiye atakayenirithi. Halafu binti akaomba atege na yeye.

"Karibu nakijua, mbali sikijui."

Tukataja kivuli, tukataja moshi, tukataja milima. Baba akataja mgeni. Hapana, hapana. Akadai mji, tukampa Mafinga, akaikataa, akataka Dar es Salaam. Tukampa Dar es Salaam.

"Ubao," akasema.

Tukacheka kweli kweli. Nikamwambia, mwandishi mimi, kwamba kitendawili lazima kiwe na maana, hicho hakina. Akanyamaza. Akaendelea kuchokonoa majivu kwa kijiti.

Asubuhi nilikuwa na kitu kama haya, ingawa bado sikujua ya nini. Nikajiambia labda tatizo ni ile picha, nanga na theluji, mambo yasiyomhusu mtoto wa Mgololo. Nikachukua karatasi nyeupe, kalamu, nikakaa nje chini ya mpichesi nikachora za kwetu. Nikachora kiwanda na bomba la moshi. Nikachora behewa la TAZARA limesimama, magogo yamepangwa, mama anauza viazi, jogoo juu ya paa la bati, na nyuma ya vyote msitu wa misonobari, mti na mti na mti. Humo ndani nikaficha kumi: kandambili, ndoo, jembe, tochi, kitana, ufunguo, yai, kijiko, kibatari. Cha kumi kilikuwa mwiko. Mwiko niliusimamisha wima katikati ya misonobari, na kwa kweli niliona fahari, ulikuwa umekaa kama mti wa tatu kutoka kulia ulivyokaa.

Nikampa. Akaichukua karatasi, akaiweka puani.

Nikafungua mdomo. Baba, ambaye alikuwa ananoa panga pembeni, akasema bila kuniangalia, "Mwache."

Nikamwacha. Akaanza kuipitisha ile karatasi mbele ya jicho lake, kutoka kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari, kama vile kichwa ni mashine na karatasi ndiyo inayopita. Kandambili. Ndoo. Ufunguo. Alikuwa anaviita kwa sauti ndogo, kimoja kimoja, mpaka akafika tisa. Tisa! Mimi nikaanza kushangilia. Baba aliweka panga chini, akaja akachuchumaa mbele yake, akawa anamtazama vile nilivyokuwa nimesimuliwa kwamba alikuwa anatazama shiti.

"Huyu si mzito," akasema. "Huyu haoni."

Nikamwambia, baba, mbona kaona yai, nililichora dogo kama punje ya mchele.

"Pale kitengoni tulikuwa na mwenzetu," akasema. "Macho yalimwisha kidogo kidogo, hakumwambia mtu. Tulimjua kwa mikono. Anayeona anasogeza jicho. Asiyeona anasogeza karatasi."

Akainuka, akahesabu hatua kumi hadi kwenye uzio, akageuka, akanyoosha mkono juu na vidole vitatu. "Mke wangu, hivi ni vingapi?"

"Ni vingapi nini, babu?"

Hakujua kwamba kuna vidole. Aliona babu, aliona pengine kitu kama tawi. Dada alikuwa amesimama mlangoni na mwiko wa kweli mkononi. Akageuka akaingia jikoni, akakaa humo muda mrefu kuliko maharage yalivyohitaji.

Mwiko wa kwenye picha hakuna aliyekumbuka kuutafuta siku hiyo.

Sasa nimefika pale nilipoahidi, kwenye ile hela, na ningependa sana kuparuka. Mtoto inabidi apelekwe akapimwe macho, Mgololo hadi Iringa mjini, watu wawili, nauli, kulala, vipimo, miwani. Dada hana. Baba ana debe tatu za mahindi na ulanzi. Mimi nina 380,000 kwenye simu, ile ile simu, chini ya ile ile picha ya sebule ya Kizungu. Unadhani nilisema? Sikusema. Siku mbili nzima nilijifanya sina. Nilitoa mawazo. Nikasema tusubiri Pasaka, nikasema labda apewe karoti kwanza, nikasema nitaongea na washikaji zangu mjini. Usiku nilikuwa nafungua salio naliangalia. Nilipiga hesabu za kijitabu upya: nikitoa rangi kwenye jalada, nikitoa kurasa nane, nikitoa hadithi ile ndefu ya mwisho. Halafu nikawa nairudisha hadithi, maana ndiyo bora. Sisi tunaoandika tunapenda kujisifu kwamba tunaona wasichoona wengine. Mimi nilikuwa naona nakala mia moja.

Siku ya pili jioni nikamsikia dada nyuma ya nyumba anaongea na mwanamke mmoja bei ya cherehani yake. Hiyo cherehani ndiyo inayolisha ile nyumba. Nikatoka, nikasema, dada, acha, hela ipo. Hakuniuliza ilikuwa wapi siku zote mbili. Ningefurahi angeuliza.

Hospitali nitaipita haraka, isipokuwa jambo moja. Mpimaji alikuwa dada mmoja kijana, mpole, na ukutani alikuwa na ubao wa herufi E tupu, kubwa juu, ndogo chini, nyingine zimelala, nyingine zimegeuka, nyingine miguu juu. Mtoto hahitaji kujua kusoma. Anaonyesha kwa mkono miguu ya E imeelekea wapi. Zile bao za herufi zina wazee: Mholanzi Herman Snellen ndiye aliyetoa ule wake maarufu mwaka 1862. Lakini binti yetu hakujua hayo, alichojua ni kwamba kaletewa gemu jingine, na uso wake ukabadilika kabisa, akanishika suruali. E ya juu kabisa, kubwa kama bakuli, akaonyesha upande usio wake. Akaangalia chini. Alikuwa anasubiri mtu aseme neno.

Yule dada akasema, "Vizuri sana, hapo ndipo nilipotaka tuanzie," akaanza kumwekea vioo.

Hasi sita jicho la kulia. Hasi tano na nusu la kushoto. Nikauliza maana yake kwa Kiswahili cha kawaida. Akaniambia tufe la jicho limerefuka kupita kawaida, kwa hiyo picha ya vitu vya mbali inakaa mbele ya pale inapotakiwa kukaa. Mara nyingi ni mambo ya ukoo. Na hasi sita, akasema, maana yake bila miwani dunia yake iliyo wazi inaishia kama sentimita kumi na saba kutoka usoni. Baada ya hapo kila kitu ni ukungu.

Chukua rula ya shule, msomaji, weka puani, hesabu kumi na saba. Halafu nyoosha mkono wako wote na simu. Pale ndipo nilipomwambia, cheza ukiwa hapa.

Nikauliza tena, kwa aibu, kama ni simu iliyomharibu. Akacheka. Simu amecheza siku moja, akasema, macho haya ameishi nayo muda mrefu. Watoto wote kucheza nje kunawafaa, aendelee kucheza nje, ila sasa aone anakokwenda.

Miwani tulisubiri hadi kesho yake. Alichagua fremu nyekundu. Nilidhani atashangilia, vile tunavyosoma kwenye vitabu. Wapi! Alinyamaza. Pale stendi akawa anatembea akinyanyua miguu juu juu kama kuku aliyekanyaga tope, akasema ardhi iko mbali. Kwenye gari akatapika. Baada ya Mafinga ndipo akaanza, "Anko, ile nini?" na hakuacha mpaka tunafika. Nyingine nilikuwa sijui. Kuna nguzo njia nzima nimezipita miaka yote sijui za nini.

Vipimo, miwani, nauli na kulala vilikula zaidi ya nusu ya kijitabu. Kijitabu bado hakijatoka, kwa wale wanaoniuliza.

Kumwomba radhi mtoto wa miaka saba ni kazi ngumu kuliko kuomba radhi polisi. Nilimwita pembeni, nikasema, anko alikosea siku ile.

"Wapi?"

Aliuliza kama vile kosa lipo kwenye picha, nimwonyeshe aliguse. Nikasema, pale nilipokuita mzito. Akafikiri. "Aa, hapo," akasema, na akaniuliza kama bando limebaki.

Jioni ya mwisho kabla sijaondoka nilimpa tena ile karatasi ya Mgololo. Ilikuwa imeshakunjwa mara nne na ina doa la chai. Akaishika kwa mikono miwili, mbali, kama mtu mzima anayesoma gazeti, miwani imemshuka puani. Kandambili, ndoo, jembe, tochi. Vyote tisa harakaharaka kwa kuwa alishavijua, halafu macho yakahamia kwenye misonobari, yakatembea mti na mti, yakasimama.

"Mwiko." Akauweka kidole. "Imeisha?"

"Imeisha."

"Basi naenda kombolela." Akaniachia karatasi mapajani, simu hakuiuliza, akatoka mbio huku kaishika miwani kwa mkono mmoja. Nikasikia huko nje wanabishana nani alinde, na sauti yake iko juu kuliko zote, anataka kulinda yeye.

Baba akanyoosha mkono, nikampa ile karatasi. Akaiinua kwenye mwanga wa mlangoni kwanza, kama kawaida yake. Akasema siku hizi karatasi wanaitengeneza nyepesi. Halafu akaishusha, akaanza kutafuta na yeye, midomo inacheza kimya kimya, kandambili, ndoo, jembe. Akafika tisa. Kwenye misonobari akakaa.

"Huu mwiko mmeuweka wapi?"

"Upo hapo, baba, kwenye..."

"Usiniambie."

Akaisogeza karatasi mbali kidogo, kisha karibu, kisha mbali tena.